Kupanga Saa za Siku ya Harusi

Katika nyumba zetu za pwani, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Unguja na Dar es Salaam, harusi hushauriwa kwa miezi, na aghalabu kila kitu chenye bei hupata kikao chake: mahari, nguo, ukumbi, mpambaji, mchele, nyama na kadi za mwaliko. Saa peke yake huachwa bila ya kikao. Kwa kuwa haiuzwi dukani wala haidai malipo ya awali, kila mtu hudhani ipo ya kutosha. Kisha siku yenyewe ikiwadia, bwana harusi huonekana ameketi msikitini ndani ya joho lake akimngojea walii aliye njiani, wapishi hubishana kama sufuria ziteremshwe au zifunikwe, na bibi harusi, aliyeanza kupambwa tangu asubuhi, hana hata mmoja aliyekumbuka kumpa tonge la chakula. Mwongozo huu ni wa yule ambaye jamaa zake wamemkabidhi shughuli, awe mjomba, shangazi, kaka mkubwa au jirani mwenye busara. Nitazungumzia harusi ya Kiislamu ya mwambao, maana ndiyo niijuayo vizuri. Mwenye harusi ya kanisani atabadilisha majina ya mambo na kubaki na hesabu ile ile.

Wengi huianza ratiba kwa alfajiri na kushuka nayo jambo baada ya jambo, wakiongeza dakika kila wanapokumbuka neno jipya, na mwisho wake nikahi huangukia saa ambayo imamu ameshakwenda zake. Rai yangu ni kinyume cha hiyo. Itafute kwanza saa moja isiyoweza kuhamishwa, uikite mahali pake, kisha uhesabu kurudi nyuma mpaka alfajiri na kwenda mbele mpaka usiku. Katika harusi zetu saa hiyo ni ya akdi, na akdi hufuata sala. Mwenye ukumbi aweza kukuongezea nusu saa kwa fedha, na mpambaji na mpiga picha watangoja maadamu wamelipwa. Lakini adhana haikawii kwa ajili ya mtu, na jamaa walioswali Alasiri pamoja nawe hawatakaa msikitini hata Magharibi kwa sababu gari la bwana harusi limekwama njiani.

Neema tuliyopewa sisi wa mwambao ni kwamba jua letu halibadiliki sana kwa misimu. Kwa kuwa tu karibu na ikweta, Magharibi ya Unguja au ya Mombasa husogea kwa takriban nusu saa tu katika mwaka mzima: mwezi wa Novemba huingia kiasi cha saa 12:15 jioni, na mwezi wa Februari hufika karibu na saa 12:45. Alasiri nayo huingia baina ya kiasi cha saa 9:10 na saa 10:00. Baina ya sala hizo mbili, basi, pana muda wa saa mbili na nusu hadi saa tatu, na ndani ya muda huo ndimo mnamotakiwa mswali, mfunge ndoa, mle halua na kunywa kahawa, mwondoke na zefe, mfike kwa bibi harusi na mwingie ndani. Muda huo watosha kwa watu waliojipanga, wala hauna ziada kwa wasiojipanga. Ndugu zetu walioko Ulaya wasiinakili hesabu hii bila ya kuitazama kalenda: London, Magharibi ya mwishoni mwa Juni huingia baada ya saa 3:15 usiku, na ile ya Desemba huingia kabla ya saa 10:00 alasiri, na aliyepanga karamu ya kiangazi ya baada ya Magharibi huko kwa mazoea ya Mkunazini, Unguja, atawaandalia wageni chakula wakati watoto wao wamekwisha lala.

Wapo wanaopenda kufunga ndoa baada ya Ishaa, na hoja zao si dhaifu, maana joto limepungua, watu wametoka kazini na maduka yamefungwa. Lakini Ishaa ya pwani huingia baina ya saa 1:20 na saa 2:00 usiku. Jamaa waswali, akdi ianze kiasi cha saa 2:30, na kabla bwana harusi hajafika mlangoni kwa mkewe itakuwa saa 4:00, saa ambayo bibi wa bibi harusi, aliyeisubiri siku hii kwa umri wake wote, amekwisha kusinzia kitini. Mimi nachagua Alasiri ya Jumamosi au Jumapili, na Ishaa namwachia yule ambaye hana budi kuoa siku ya kazi. Kwa hali yoyote, jitenge na siku zinazogusana na mwandamo wa mwezi. Harusi nyingi hupangwa katika Shaaban, kabla ya mfungo, na katika mwezi wa mfunguo mosi, baada ya Idi. Na kwa kuwa mwezi huonekana usiku wa 29 au hukamilishwa 30, aliyeiweka harusi yake siku ya mwisho ya Shaaban huenda akapika pilau ya mchana katika siku ya kwanza ya Ramadhani.

Akdi yenyewe ni fupi. Khutba husomwa, walii au wakili wake hutamka ijabu, bwana harusi hujibu kwa kabuli, mashahidi wawili husikia, mahari hutajwa, dua huombwa, na yote hayo hayachukui hata nusu saa. Muda huliwa na yale yaliyopasa kumalizwa zamani na hayakumalizwa. Nimehudhuria nikahi iliyosimama kwa muda mrefu kwa kuwa pande mbili hazikuwa zimekubaliana kama mahari ni taslimu au sehemu yake ni deni, na mashekhe wakabaki wakitazama mkeka. Kwa hivyo, wiki moja kabla ya siku hiyo, hakikisha mambo manne: kwamba kiasi cha mahari kimeandikwa kwenye karatasi na kusomwa na pande zote mbili, kwamba walii yupo au, ikiwa yuko Maskati au Toronto, uwakala wake umeandikwa na umefika, kwamba mashahidi wamechaguliwa kwa majina na wanajua kuwa wamechaguliwa, na kwamba vyeti na vitambulisho viko katika bahasha moja, mkononi mwa mtu mmoja. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa, na hilo haliwezi kurekebishwa asubuhi ya harusi kwa kumpigia simu mtu unayemjua. Kuombwa idhini kwa bibi harusi, ambako katika nyumba nyingi hufanywa na baba yake au shekhe pamoja na mashahidi kabla ya watu kwenda msikitini, nako kuandikiwe saa yake katika ratiba, nayo iwe saa ya utulivu, kabla ya wapambaji kuijaza nyumba.

Sasa rudi nyuma kutoka akdi. Ikiwa jamaa huswali Alasiri saa 10:00, bwana harusi awe msikitini na udhu wake saa 9:30. Ikiwa atapelekwa kwa zefe, kumbuka kuwa zefe haiendi kwa mwendo wa miguu, huenda kwa mwendo wa dufu. Husimama kila penye baraza la wazee, na njia ambayo mtu aliyetumwa chumvi huikata kwa dakika tano yaweza kuchukua nusu saa. Basi zefe iondoke nyumbani saa 8:45, na bwana harusi awe amekwisha kuvaa kanzu, joho na kilemba saa 8:15. Kilemba hakifungwi na kila mtu, na wanaojua kukifunga wamepungua. Mtafute mfungaji mapema umwandikie saa yake, ama sivyo utakuta vijana sita wamekizunguka kichwa cha ndugu yao huku kila mmoja akitoa amri tofauti.

Wageni wanaovuka maji wahesabiwe kwa namna yao. Anayetoka pwani ya kusini kuja Mombasa kisiwani kwa kivuko cha Likoni asizihesabu dakika za kuvuka, ambazo ni chache. Aihesabu foleni, ambayo haina mwenyewe. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa boti atakaa baharini karibu na saa mbili, fauka ya kusubiri bandarini; ikiwa mtu huyo ni walii, shahidi au mshona nguo, na afike siku moja kabla, kwa maana bahari ya kusi haiulizi kadi ya mwaliko.

Kwa upande wa bibi harusi, hesabu haianzi siku ya harusi, huanza siku mbili nyuma. Hina ikibanduliwa mwilini huwa na rangi ya chungwa, kisha huiva na kukoza polepole kwa muda wa siku moja au mbili. Kwa hiyo hina ya harusi ya Jumamosi ipakwe Alhamisi, na ye yote anayekushauri ipakwe Ijumaa usiku ili iwe mpya hajui kazi yake. Juu ya piko nina neno la tahadhari. Yale maua meusi yanayochorwa kwa rangi ya nywele huwachoma baadhi ya watu na kuwaachia malengelenge, na bibi harusi asiyewahi kupakwa ajaribiwe mahali padogo siku kadhaa kabla. Kama ngozi yake yakataa, atosheke na hina, ambayo bibi zetu waliolewa nayo wakapendeza. Singo nayo isuguliwe katika siku za kabla, na isiachiwe asubuhi ya harusi, ambapo somo yake, yaani kungwi wake, atakuwa na mambo kumi ya kumshughulisha.

Asumini na yapangwe kwa tabia yake. Ua hilo hufunuka usiku. Huchumwa mchana likingali tumba, likatungwa vikuba pamoja na mrehani na kilua, ili lifunuke na kunukia likiwa kifuani mwa mvaaji. Anayenunua vikuba vya jana ili aokoe saa moja hununua maua yaliyokwisha kunukia kwa mtu mwingine. Mtume kijana mmoja mwaminifu sokoni, apewe fedha kamili na saa ya kurudi, iwe saa 9:00 alasiri kwa maua yatakayovaliwa usiku.

Mpambaji ndiye mtu anayevunja ratiba nyingi kuliko wote, wala simlaumu peke yake, kwa kuwa katika Jumamosi za mfunguo mosi mpambaji hodari huwa na mabibi harusi watatu au wanne kwa siku moja, na kila familia humwamini kuwa ni wake peke yake. Muulize waziwazi: sisi ni wa ngapi katika orodha yako ya siku hiyo? Ikiwa ni wa tatu, ongeza saa moja na nusu juu ya saa aliyokutajia, au utafute mwingine. Kupamba uso, nywele na kuvalisha huchukua kiasi cha saa tatu. Kama bwana harusi ataingia ndani saa 11:30, bibi harusi awe amekalishwa mbele ya kioo saa 7:30 mchana, ili pabaki saa nzima ya kurekebisha, ya kuswali na ya kuvukizwa udi kwa utulivu. Na kabla ya saa 7:30 awe amekula chakula kamili. Liandikwe hilo katika ratiba kwa herufi kubwa kuliko zote, na jina la mtu atakayemlisha liandikwe pembeni.

Jikoni ndiko kwenye hesabu ngumu, na ndiko nitakakokaa zaidi. Wapishi wetu huhesabu kilo moja ya mchele kwa watu saba au wanane, kwa hiyo wageni 400 wataka kilo 50 na ushei, na sinia moja hula watu wanne au watano, yaani masinia 80 mpaka 100. Hesabu hizo kila mama anazijua; asizozijua wengi ni za wakati. Kama mnapika kwa kuni na karamu ni ya mchana, mnyama achinjwe baada ya Alfajiri au jioni ya kabla ikiwa mna pahali pa baridi pa kuhifadhi nyama, kukata na kuosha kutachukua saa mbili, nyama ichemke mpaka ilainike, viungo vikaangwe, mchele uliorowekwa uingie, kisha makaa yapaliwe juu ya kifuniko. Sufuria kubwa haiharakishwi kwa kuongezewa kuni. Kutoka kisu cha kwanza hata sahani ya kwanza weka saa saba, na usikubali kupunguza hata moja kwa sababu mpishi amekuapia.

Upo uamuzi mmoja unaoweza kukuokoa, nao ni wa kuchagua chakula kwa kuitazama saa. Pilau haipendi kungoja. Ikiivishwa na kufunikwa hustahimili saa moja kwa heshima, kisha chini huanza kukauka na juu kulowa. Biriani ya Unguja ni mvumilivu zaidi, kwa kuwa mchuzi na wali hukaa mbalimbali mpaka saa ya kupakua, na mchuzi huweza kubaki juu ya moto mdogo. Ikiwa una shaka na wakati wa kufika kwa wageni, pika biriani. Wala usiridhie wali uachwe vuguvugu tangu mchana hata usiku kwa kisingizio cha kwamba umefunikwa. Wali wa namna hiyo huwasumbua watu matumbo, na karamu itakumbukwa kwa sababu usiyoipenda. Wahudumu nao wale kabla ya wageni. Kijana mwenye njaa aliyebeba sinia la pilau huku akinusa mvuke wake atakosea njia.

Mwenye uwezo wa kuchagua na aitenge walima ya wanaume na siku ya akdi, aiweke siku ya pili yake. Siku ya nikahi halua, kahawa na kitafunio kidogo vyatosha kumtoa mgeni msikitini kwa jamala, na jiko lote la siku hiyo likabaki kwa ajili ya wanawake na watu wa nyumbani. Najua wapo watakaosema kwamba wageni wa mbali watakuwa wameondoka. Lakini mgeni aliyekula kwa utulivu siku ya pili ni bora kuliko mia waliosukumana mlangoni jioni ya kwanza, wakila na kutazama saa.

Hapa yanipasa kusema neno juu ya desturi iliyoenea, ya kuandika katika kadi saa isiyo ya kweli. Mwenye shughuli huandika saa 8:00 ilhali amekusudia saa 10:00, kwa hoja kwamba watu wetu huchelewa. Wageni nao si wajinga. Wamekwisha kuijua hila hiyo, wakaitilia hila yao, na aliyealikwa saa 8:00 huja saa 10:30. Mwaka unaofuata mwenye shughuli mwingine huandika saa 7:00. Wanaoumia katika mnada huu wa uongo ni wale wachache wanaoiamini karatasi: mzee aliyefika na fimbo yake saa 8:00 kamili akakuta viti havijapangwa, na mgeni wa mbali asiyezijua tabia zetu. Andika saa ya kweli, na mbele yake ulitaje tendo: sala ya Alasiri ni saa 10:00 katika msikiti fulani, akdi ni baada ya sala moja kwa moja. Watakaochelewa watachelewa, na ndoa itafungwa bila ya wao. Baada ya harusi tatu au nne za namna hiyo katika mtaa, utaona mabadiliko. Kwa mgeni anayetoka nje, ambaye simu yake humwambia 16:00 pale ambapo wewe waandika saa 10:00, ongeza neno alasiri, asubuhi au usiku kila mara. Na ikiwa shughuli ni ya Alhamisi baada ya Magharibi, usiandike usiku wa Ijumaa peke yake, ambao wazee wataufahamu vingine na vijana vingine. Andika Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa, pamoja na tarehe.

Ratiba ikiisha kuandikwa yataka mtu. Namwita mshika saa. Asiwe mama wa bibi harusi, kwa kuwa machozi yatamzuia. Asiwe baba wa bwana harusi, kwa kuwa kila anayeingia atataka kumpa mkono. Wala asiwe wewe mwenyewe, ikiwa utatakiwa kuamua mambo ya fedha siku hiyo. Mchague mtu wa makamo, anayejulikana pande zote mbili, asiye na kinyongo na mtu, na mwenye haya kidogo kuliko inavyopendeza katika siku nyingine, maana kazi yake ni kuwaambia watu wazima kwamba muda wao umekwisha. Mpe mamlaka hayo mbele ya familia nzima, mapema, ili neno lake lisije likachukuliwa kuwa ni ufidhuli.

Wala usimpe kila mtu ratiba nzima. Mpishi hahitaji kujua saa ya zefe; ahitaji kujua saa ya kupakua. Dereva ahitaji majina ya abiria, pahali na saa, pamoja na namba ya simu ya mtu mmoja, asiyezidi mmoja. Mpiga picha apewe orodha ya watu watakaopigwa picha kwa makundi, na muda wa mwisho. Karatasi kamili iwe na watu watatu tu: wewe, mshika saa na somo ya bibi harusi. Nimeona ratiba ya kurasa nne ikigawiwa kwa ndugu thelathini, na kila ndugu akasoma mstari unaotaja jina lake, akaukuta haumridhishi.

Kuingia ndani ni sehemu ambayo wanaume huidhania dakika kumi, nayo hukaribia saa nzima. Wanawake hufunga mlango na kudai kifungua mlango. Bwana harusi na wenzake hutoa kidogo, wakakataliwa, wakaongeza, na mzaha huo una utamu wake wala hauna haja ya kukatizwa. Lakini fedha hizo ziandaliwe katika bahasha ndogo kadhaa na akabidhiwe rafiki mmoja, kwa sababu mfuko wa joho haupekuliwi kwa urahisi. Kisha huja kumpa mkono bibi harusi, dua, kipa mkono, picha za wazazi, picha za mabibi na mababu, na ndipo kila shangazi anapokumbuka kwamba hajapigwa. Toa dakika 45 kwa yote hayo, na picha za wazee ziwe za mwanzo. Magharibi ikiadhiniwa, shughuli isimame, watu waswali. Ndiyo nafasi ya pekee ambayo bwana na bibi harusi wanaweza kukaa dakika chache bila ya kutazamwa.

Usiku wa wanawake, uitwe kesha au kupamba kwa mujibu wa mji wako, una mwenendo wake, na mwanamume anayejaribu kuupangia dakika atachekwa. Nitataja mambo mawili tu. La kwanza ni simu: pale ambapo wanawake wamevua mabuibui na kuvaa mapambo yao, familia nyingi hukataza picha na kukusanya simu mlangoni, na kukusanya simu 300 kwa msichana mmoja na mfuko mmoja huzaa foleni mpaka barabarani. Weka wasichana wanne, vibandiko vya namba na meza mbili. La pili ni taarabu. Waimbaji na ala wawe wamekwisha kujaribu sauti kabla ya mgeni wa kwanza kuingia, na saa ya bibi harusi kuingia ukumbini waijue kwa dakika, ili asije akaingia katikati ya wimbo ambao nusu ya ukumbi imeinuka kwenda kutunza.

Ama nafasi baina ya mambo, hiyo ndiyo huonekana upuuzi kwenye karatasi na huwa wokovu siku yenyewe. Ratiba isiyo na nafasi ni kama kanzu iliyoshonwa bila ya kikwapa, haionyeshi aibu yake mpaka mvaaji ainue mkono. Baada ya kila mambo mawili acha dakika 20 zisizo na jina. Harusi ya masika, baina ya Machi na Mei, iongezewe nusu saa kwa kila safari, na turubai liwe limekwisha kufungwa jana, si leo. Jenereta ijaribiwe ikiwa na mzigo wa taa na vipaza sauti kwa pamoja, kwa kuwa nyingi hunguruma vizuri zikiwa hazina kazi. Na uamue mapema, wewe na mshika saa, ni mambo gani yatakayoachwa ikiwa mmechelewa: hotuba za wajomba huachwa kwanza, kisha picha za makundi ya marafiki, kisha kukata keki. Sala, chakula na dua za wazazi haziachwi.

Baki na jambo moja la mwisho. Katika vikao vyote nilivyopata kuhudhuria, niliwasikia wajomba wakisema, mashangazi wakisema, wapishi na madereva wakisema. Sauti niliyoisikia kwa nadra ni ya wale wawili wanaooana. Ratiba hujengwa juu ya miili yao, kuanzia saa ya kuamka hata saa ya kulala, na wao huipokea kama abiria wapokeavyo tikiti. Nakuomba, msomaji, siku tatu kabla ya shughuli, uende na karatasi yako kwa bibi harusi, umsomee polepole, umuulize ni wapi atachoka na ni nani angependa awe naye chumbani katika saa ile ya mwisho; kisha ufanye vivyo hivyo kwa bwana harusi. Watakachokutajia kiandike, na hata kama kitamuudhi shangazi mmoja, kisikatwe.